ALBERT PIERREPOINT, MNYONGAJI WA UINGEREZA

Watu wakizungumza juu ya adhabu ya kifo, humtaja mhalifu, humtaja jaji, huitaja na serikali. Ni mara chache mtu huuliza habari za yule aendaye gerezani alfajiri ili kuitimiza hukumu yenyewe. Naye ni mtu kama sisi. Ana mke, ana majirani, ana nyumba ya kurudia jioni. Mmoja wa watu hao alikuwa Albert Pierrepoint wa Uingereza, ambaye jina lake lilijulikana na kila mtu nchini mwake. Mwaka 2005 Waingereza walitoa filamu juu ya maisha yake, iliyoongozwa na Adrian Shergold, naye Timothy Spall akaigiza nafasi ya Pierrepoint. Hapa tunaeleza maisha ya mtu mwenyewe, maana yana mafundisho kwa kila mtu aliyewahi kufanya jambo zito na kusema kwamba ametumwa tu.

UKOO WA WANYONGAJI

Albert alizaliwa tarehe 30 Machi 1905 katika kijiji cha Clayton, karibu na mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake, Henry Pierrepoint, alikuwa kibarua, lakini tangu mwaka 1901 alikuwa pia miongoni mwa watu wachache walioandikwa na serikali kuwanyonga waliohukumiwa kufa. Kazi hiyo haikuwa ya kila siku. Mnyongaji alikuwa na kazi yake ya kawaida, na serikali ilimwita kwa barua pale alipohitajika, kisha ikamlipa kwa kila mtu.

Henry alimwingiza ndugu yake mkubwa, Thomas, katika kazi hiyo. Basi Albert alikuwa mnyongaji kwa baba na kwa baba mkubwa. Mwaka 1910 Henry alifika katika gereza la Chelmsford akiwa amelewa, akapigana na msaidizi wake, na baada ya hapo serikali ikalifuta jina lake. Thomas yeye aliendelea na kazi hiyo mpaka mwaka 1946.

Henry aliuza habari za kazi yake kwa magazeti, na kijana Albert alizisoma. Likizo alikwenda kukaa Clayton kwa baba yake mkubwa, ambako aliona jinsi mzee huyo alivyoondoka kimya na kurudi kimya. Akiwa bado shuleni, mwalimu aliwaambia watoto waandike kazi wanayotaka kufanya wakiwa wakubwa. Wengine huandika urubani au ualimu. Albert aliandika kwamba anataka kuwa mnyongaji kama baba yake.

Henry alifariki mwaka 1922, akamwachia mwanawe madaftari yake. Wakati huo jamaa ilikuwa imehamia Failsworth, karibu na Manchester. Albert alikuwa ameanza kazi katika kiwanda cha nguo akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, kwa mshahara wa shilingi sita kwa wiki. Baadaye aliajiriwa na mfanyabiashara wa vyakula kwa jumla, akapeleka bidhaa madukani kwa gari la farasi, halafu akajifunza kuendesha lori. Watu walimjua kuwa mtu mwaminifu, mchangamfu, anayependa kuimba.

AINGIA KAZINI

Mwaka 1931 Albert aliwaandikia wakuu wa magereza akiomba kazi. Jibu likaja kwamba hakuna nafasi. Baada ya miezi kadhaa aliitwa katika gereza la Strangeways, Manchester, akahojiwa, na mwaka 1932 akapelekwa gereza la Pentonville, London, kufundishwa. Walifanya mazoezi kwa sanamu ya mtu. Desemba mwaka huo alifuatana na baba yake mkubwa Thomas mpaka Dublin, Ireland, akaona kwa mara ya kwanza mtu akinyongwa. Thomas alimwonya jambo moja ambalo hakulisahau: kama hawezi kuifanya kazi hiyo bila kunywa pombe kwanza, basi asiifanye kabisa. Bila shaka mzee alikuwa akimkumbuka ndugu yake Henry.

Kwa miaka tisa Albert alikuwa msaidizi tu. Oktoba 1941, katika gereza la Pentonville, ndipo alipomnyonga mtu kwa mara ya kwanza akiwa mnyongaji mkuu.

Yafaa tueleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana ndani yake imo siri ya mtu huyu. Mnyongaji na msaidizi wake walifika gerezani siku moja kabla, alasiri. Walipewa urefu na uzito wa mfungwa, kisha wakamchungulia kwa tundu la mlangoni pasipo yeye kujua, ili waone shingo yake na umbo la mwili wake. Halafu mnyongaji alipiga hesabu ya urefu wa kamba. Mtu mzito alipewa kamba fupi, na mwepesi kamba ndefu, ili shingo ivunjike mara moja asiteseke. Kamba ilitundikiwa mfuko wa mchanga usiku kucha ili inyooke, na sakafuni iliandikwa alama ya chaki pale miguu itakaposimama.

Asubuhi, saa ilipogonga, Pierrepoint aliingia katika chumba cha mfungwa, akamfunga mikono nyuma kwa mshipi wa ngozi. Magereza mengi yalikuwa na mlango wa pili uliofichwa nyuma ya kabati. Kabati lilisogezwa, na chumba cha kunyongea kikaonekana hatua chache tu mbele. Siku zote zile mfungwa alikuwa amelala kando yake bila kujua. Alivishwa mfuko mweupe kichwani na kitanzi shingoni, miguu ikafungwa, mlango wa sakafu ukafunguka. Kwa mkono wa Pierrepoint yote haya yalichukua kama sekunde kumi na mbili, na mwaka 1951 kuna mfungwa aliyenyongwa kwa sekunde saba tangu kutolewa chumbani mwake. Kasisi wa gereza alikuwapo akimwombea, lakini mara nyingi sala haikupata nafasi ya kuwa ndefu.

Baada ya saa moja Pierrepoint alirudi, akaushusha mwili. Aliushika kwa upole, na alikataa mtu yeyote asiufanyie mzaha. Kwake, aliyekwisha kufa alikuwa amelipa deni lake lote, na hapakuwa na sababu ya kumdharau tena. Wakati wa vita, alipoitwa kuwanyonga askari wa Marekani katika gereza la Shepton Mallet, alichukizwa na desturi yao ya kumsimamisha mtu juu ya mlango kwa dakika kadhaa huku akisomewa makosa yake. Aliona huo ni ukatili.

Hapo ndipo palipo na ugumu wa habari hii. Huyu hakuwa mtu mkatili. Alikuwa fundi mwangalifu, mwenye huruma ya namna yake, na aliamini kwamba ameitwa kwa kazi hiyo na nguvu iliyo juu yake. Swali la kama ni haki mtu huyu afe aliliacha kwa majaji na mawaziri. Yeye alijishughulisha na kamba tu.

MKE WAKE ANNIE

Agosti 1943 Albert alimwoa Annie Fletcher, aliyekuwa na duka la peremende karibu na mahali alipofanya kazi. Walikaa Newton Heath, Manchester. Albert hakumwambia mkewe habari za kazi yake ya pili. Alipoitwa aliaga tu, akaenda, akarudi. Annie alikuwa anajua, maana mambo ya ukoo ule hayakufichika, lakini hakuuliza. Alingoja mumewe aseme mwenyewe. Waliishi hivyo kwa miezi mingi, mmoja akidhani anaficha, mwingine akijifanya haoni. Ni baada ya safari ya Gibraltar mwanzoni mwa mwaka 1944 ndipo walipoyazungumza waziwazi.

UMAARUFU BAADA YA VITA

Aprili 1945 majeshi ya Uingereza yaliingia katika kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, yakakuta maelfu ya maiti na watu waliokonda mno kwa njaa na maradhi. Mkuu wa kambi, Josef Kramer, na wasaidizi wake walishtakiwa, na kumi na mmoja wakahukumiwa kufa. Pierrepoint alipelekwa mji wa Hameln akiwa amepewa cheo cha heshima cha luteni kanali. Tarehe 13 Desemba 1945 aliwanyonga watu kumi na watatu kwa siku moja, yaani hao wa Belsen na wengine wawili. Wanawake walikuwa watatu, na mmoja wao, Irma Grese, alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Katika miaka iliyofuata aliendelea kunyonga huko, na kwa jumla aliwanyonga watu wapatao 200 katika Ujerumani na Austria.

Magazeti yalilitangaza jina lake. Mtu aliyekuwa akiondoka nyumbani kwa siri sasa alishangiliwa barabarani, kana kwamba amelipiza kisasi kwa niaba ya taifa zima. Mwaka 1946 aliacha kazi ya kupeleka vyakula, akapanga baa huko Hollinwood, kati ya Manchester na Oldham. Baa hiyo tangu zamani iliitwa kwa jina lenye maana ya Msaidie Maskini Anayehangaika. Watu walikuja kwa mabasi ili wapate kumwona mnyongaji akiwamiminia bia. Hakupenda kuzungumza nao juu ya kazi yake.

RAFIKI YAKE ANYONGWA

Miongoni mwa wateja wa baa hiyo alikuwamo James Corbitt. Alipenda kuimba, na Pierrepoint pia alipenda kuimba, basi wawili hao waliimba pamoja jioni, hasa wimbo uitwao Danny Boy. Hawakuitana kwa majina ya kawaida. Pierrepoint alimwita mwenzake Tish, naye Corbitt akamwita Tosh.

Agosti 1950 Corbitt, kwa ajili ya wivu, alimuua mpenzi wake katika mji wa Ashton-under-Lyne. Alihukumiwa kufa. Barua ya kuitwa ilipomfikia Pierrepoint, alitambua ni nani anayemngoja. Tarehe 28 Novemba 1950 aliingia katika chumba cha mfungwa huko Strangeways. Corbitt alikuwa na wasiwasi kama rafiki yake atamtambua. Alimwita kwa lile jina la baa, na Pierrepoint akamwitikia kwa jina lake la Tish. Mfungwa akatulia, akatembea bila kushikwa, akafa.

Pierrepoint alilifikiri sana jambo hili. Watetezi wa kitanzi walisema kwamba kinawatia watu hofu wasiue. Lakini kama kuna mtu katika Uingereza yote aliyepaswa kuogopa kitanzi, ni Corbitt. Alimjua mnyongaji kwa sura, alikunywa pombe yake, aliimba naye bega kwa bega. Hata hivyo saa ya hasira ilipokuja, hakukumbuka kitanzi kabisa.

Filamu ya mwaka 2005 inaifanya siku hiyo kuwa kilele cha habari, na inamwonyesha Pierrepoint akivunjika moyo. Katika maisha ya kweli mambo hayakwenda upesi namna hiyo. Aliendelea kunyonga kwa miaka mitano zaidi. Mwezi huohuo wa Novemba 1950 alikuwa ametoa ushahidi mbele ya Tume ya Kifalme iliyoichunguza adhabu ya kifo, naye akazungumza kama fundi anayeitetea kazi yake. Dhamiri ya mtu huchukua muda mrefu kumfikia.

WALE AMBAO HAWAKUSTAHILI

Miaka hiyohiyo kesi tatu ziliitikisa Uingereza, na katika zote mkono ulikuwa ni wa Pierrepoint.

Ya kwanza ni ya Timothy Evans wa London, kijana asiyejua kusoma vizuri. Mkewe na mtoto wao mchanga waliuawa, naye akanyongwa tarehe 9 Machi 1950 kwa kumuua mtoto. Shahidi mkubwa dhidi yake alikuwa jirani wa chini, John Christie. Miaka mitatu baadaye maiti za wanawake zilipatikana zimefichwa katika nyumba ileile, na Christie akakiri mauaji mengi, hata kifo cha mke wa Evans. Pierrepoint alimnyonga Christie naye Julai 1953. Mwaka 1966 Evans alipewa msamaha wa serikali, lakini alikuwa kaburini miaka kumi na sita.

Ya pili ni ya Derek Bentley, mwenye umri wa miaka 19 na akili nzito. Novemba 1952 alikwenda kuvunja ghala huko Croydon pamoja na kijana wa miaka 16, na kijana huyo akampiga risasi polisi akafa. Wakati wa risasi hiyo Bentley alikuwa amekwisha kukamatwa. Aliyepiga risasi hakuweza kunyongwa kwa sababu ya umri wake mdogo. Aliyekuwa mikononi mwa polisi akanyongwa tarehe 28 Januari 1953. Jamaa zake walihangaika kwa miaka arobaini na mitano, hata Mahakama ya Rufani ikaifuta hukumu hiyo mwaka 1998.

Ya tatu ni ya Ruth Ellis, mama wa watoto wawili, aliyempiga risasi mpenzi wake Aprili 1955. Hakukana kwamba ndiye aliyempiga risasi. Watu wapatao 50,000 walitia sahihi wakiomba ahurumiwe. Waziri alikataa, na tarehe 13 Julai 1955 akanyongwa katika gereza la Holloway. Umati uliosimama nje ulimzomea Pierrepoint alipotoka. Huyo alikuwa mwanamke wa mwisho kunyongwa katika Uingereza. Wale waliomshangilia baada ya Belsen walikuwa Waingereza, na hawa waliomzomea walikuwa Waingereza. Yeye hakuwa amebadili kitu katika kazi yake.

AJIUZULU

Wengi walidhani aliacha kazi kwa sababu ya Ruth Ellis. Mwenyewe alikana. Januari 1956 alisafiri wakati wa theluji mpaka Strangeways kumnyonga mtu, akatayarisha kila kitu, kisha mfungwa akasamehewa saa chache kabla. Malipo ya kawaida yalikuwa pauni 15. Afisa aliyehusika alimpa pauni 1 ya gharama tu, na hata alipolalamika akaongezewa kufikia pauni 4. Pierrepoint aliona amedharauliwa, na Februari 1956 akaandika barua ya kujiuzulu. Wakuu walimsihi arudi, akakataa. Mtu aliyevumilia kuwanyonga mamia aliondoka kwa ajili ya pauni chache na heshima yake. Ndivyo binadamu tulivyo. Mara nyingi jambo dogo hutufungulia mlango ambao jambo kubwa lilishindwa kuufungua.

Hesabu kamili ya watu aliowanyonga haikubaliwi na wote. Wachunguzi hukisia kati ya 435 na 600, na filamu inataja 608.

Wanyongaji wengine waliendelea baada yake, na watu wa mwisho kunyongwa katika Uingereza walikufa Agosti 13 mwaka 1964, wawili kwa siku moja katika magereza mawili. Mwaka 1965 Bunge liliisimamisha adhabu hiyo kwa makosa ya kuua, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Michael Ramsey, alikuwa miongoni mwa waliounga mkono. Mwaka 1969 ikafutwa moja kwa moja. Lakini Waingereza walikuwa wameipeleka sheria ya kitanzi katika makoloni yao yote, na kwetu Afrika ya Mashariki ilibaki katika vitabu hata baada ya uhuru. Kenya ilinyonga watu kwa mara ya mwisho mwaka 1987.

ASEMA MWENYEWE

Mwaka 1974 Pierrepoint alitoa kitabu cha maisha yake. Watu walitazamia atetee kazi ya baba zake. Badala yake alieleza kwamba, kwa kadiri alivyoona, wote aliowanyonga hawakuzuia hata mauaji mamoja, na kwamba adhabu ya kifo haikuleta faida yoyote ila kisasi. Miaka miwili baadaye, alipoulizwa redioni, alionekana kusitasita tena kwa sababu uhalifu ulikuwa umeongezeka. Ni haki kuyasema yote mawili. Hakuwa nabii, alikuwa mzee anayeyapima maisha yake mwenyewe, na mizani ilicheza.

Alikaa na Annie katika mji wa Southport, kando ya bahari, naye akafariki huko tarehe 10 Julai 1992, akiwa na miaka 87.

LA KUJIFUNZA

Ni rahisi kumhukumu Pierrepoint. Lakini tukumbuke kwamba kamba hakuinunua yeye, wala hukumu hakuiandika yeye. Taifa zima lilitaka kazi hiyo ifanywe, likamtafuta mtu mmoja aifanye mahali pasipoonekana, ili wengine wanywe chai yao ya asubuhi bila kuona damu. Pilato alinawa mikono mbele ya watu. Hapa ni watu wote walionawa, wakamwachia maji machafu mtu mmoja. Jaji alisema anafuata sheria, waziri alisema anafuata jaji, mnyongaji alisema anafuata waziri. Na Timothy Evans amekufa bila kosa, wala hakuna aliyesimama akasema ni mimi.

Nasi tunayo mambo ambayo tunapenda yafanyike lakini hatutaki kuyaona. Kibaka anapigwa sokoni, nasi tunapita haraka. Mfanyakazi anafukuzwa kwa maneno ya uongo, nasi tunasema hayo ni ya wakubwa. Binti anaozwa asipotaka, nasi tunakwenda kula pilau ya harusi. Siku ya kuhesabiwa hatutaulizwa tu kama mkono wetu ulikuwa juu ya kamba, bali pia kama tulikuwa miongoni mwa waliotaka ivutwe.

Tuwakumbuke katika sala zetu wafungwa walio chini ya hukumu ya kifo, jamaa za waliouawa ambao machozi yao hayajakauka, makasisi wanaowatembelea wafungwa, na wale ambao kazi yao ni kutimiza hukumu za wengine. Tuwaombee na majaji, wapewe kuona vema, maana kosa lao likikwisha kuingia kitanzini halirekebishwi tena.